Mguno Nyuma ya Besi

Wajukuu zangu wakitaka kunicheka huniomba niwaonyeshe nilivyokuwa nikikaa kwenye treni enzi za kazi yangu. Nami huwaonyesha palepale sebuleni: magoti nimeyabana, mabega nimeyapandisha hadi masikioni, na mto wa kochi nimeukumbatia mapajani badala ya kile kisanduku cha kanda. Wao huangua kicheko, kisha huniuliza kwa Kiingereza chao kwa nini bibi hakukiweka tu chini sakafuni kama watu wengine.

Niliogopa, wanangu. Ndiyo sababu. Ron, injinia wetu wa sauti, aliniambia juma langu la kwanza kwamba mota za treni zimekaa chini ya sakafu, mota ina sumaku, na sumaku hufuta kanda. Kama ni kweli au ni uzushi wa mafundi, mpaka leo sijui. Lakini mle ndani ya kisanduku walikuwamo watu waliopuliza na kupiga siku nzima mpaka midomo ikavimba na vidole vikaota malengelenge, na nakala nyingine ilikuwa bado haijatengenezwa. Studio tuliyokodi ilikuwa Kilburn, karibu na nilipopanga. Ofisi ilikuwa Walthamstow, mwisho kabisa wa reli. Ukibadilisha treni Green Park, ile ni safari ya kumtosha mtu kuwaza kila balaa. Nilikuwa nikifika jasho limenitoka, Januari, theluji nje.

Naitwa Zuhura, mzaliwa wa Tanga. Nililetwa Landani na ndoa, nikabakizwa na kazi za usafi, na nikastaafu kutoka lebo ndogo ya jazi ambayo wengi wenu hamkuisikia. Ninyi vijana wa muziki mnaniuliza kila tukikutana kwenye arusi na misiba: Bi Zuhura, ninyi mlifanyaje kazi ya muziki bila intaneti? Nimeamua kuwajibu. Mkitaka ufundi mtaupata njiani, lakini jambo lenyewe ninalotaka kuwaambia ni la mtu mmoja aliyepiga besi.

Kwanza mjue nilivyoingia. Nilikuwa nikisafisha jengo lililokuwa na duka la mazulia chini na vyumba viwili vya ofisi juu. Vile vyumba viwili vilikuwa vya Pauline. Wazazi wake walitoka Barbados, yeye alizaliwa hapahapa, aliwahi kuwa nesi. Alianzisha lebo kwa sababu kampuni kubwa ziliacha kuwarekodi wazee aliowapenda, na hakuvumilia wafe bila kusikika. Alinikuta siku moja nimesimama na ufagio, nasikiliza.

"Unapenda?" akaniuliza.

Nikamwambia ukweli. Kwetu jazi ni dansi: magitaa yanajibizana, watu wamevaa wamependeza, ukumbi umejaa. Hii yake ilikuwa ya saksafoni inayolia peke yake, na nilipopanda ngazi nilidhani kuna mtu ameumia. Pauline alicheka mpaka akakaa. Akasema watu wanaomwambia ukweli ni wachache, nije Jumatatu bila ufagio.

Kazi yangu ikawa kila kitu ambacho si kupiga ala. Nilipokea simu, nilifunga vifurushi, nilipeleka kanda. Nilijifunza kwamba ukituma sahani ya santuri kwa posta, uitoe kwenye kava lake uiweke kando yake, maana ikitikisika ndani hupasua mshono wa kava na mteja hukurudishia. Nilijifunza kusikiliza sahani za majaribio kutoka kiwandani, na kuanza na wimbo wa mwisho, si wa kwanza, kwa sababu karibu na katikati ya sahani ndiko sauti huanza kukwaruza. Ron ndiye aliyenifundisha. Alikuwa Mwingereza mkimya, mwenye sweta lililotoboka viwiko, na neno lake kubwa lilikuwa moja: usisikilize muziki tu, sikiliza chumba. Alikuwa akinifumbisha macho na kuniuliza, dari ni la juu au la chini? Wako wangapi? Nani amechoka? Nani anataka kwenda nyumbani? Mwanzoni nilibahatisha. Baada ya miaka nikawa najua.

Basi Deo alikuja mwishoni mwa miaka ya tisini.

Aliletwa na mpiga piano wetu mmoja aliyemsikia akipiga kanisani. Mkongo wa Bukavu, mrefu, shingo nyembamba, koti la msaada lenye mikono mifupi. Besi hakuwa nayo, tulimwazimia ile kubwa ya kusimama, inayofanana na fidla iliyonenepa kupita kiasi. Alipoikumbatia na kugusa uzi wa kwanza, Ron aliacha kunywa chai.

Kesi yake ya ukimbizi ilikuwa bado haijaamuliwa. Alikaa chumba kimoja na Wakongo wenzake, akisubiri. Mimi na yeye tulizungumza Kiswahili, kila mtu na chake. Chake kilikuwa cha Kivu, chenye "njo" mahali pa "ndio", kilichopinda pale ninaponyosha na kunyooka pale ninapopinda, na mara nyingi tulilazimika kurudiarudia. Aliniita Dada Zuhura. Alinieleza kidogokidogo. Kule kwao alikuwa akipiga kwenye bendi ya hoteli. Siku moja mchana, watu wenye bunduki waliingia ukumbini wakachagua watu, wakawatoa nje. Deo alikuwa jukwaani, ameshika besi, akawaona sura, na mkubwa wao akamwona yeye kwamba ameona. Alitoroka jioni ileile, apite kwanza kwa binamu yake halafu atume watu wamchukue mkewe na mtoto. Aliowatuma walirudi na habari kwamba nyumba imechomwa na hakuna aliyetoka. Kaka yake aliyekwenda kuulizia, naye hakuonekana tena.

Ndiyo maana, tulipotaka kumweka kwenye albamu, alikuja ofisini akiwa amevua kofia, akaomba.

"Kitu moja tu, Dada. Hapana sura, hapana jina. Wale watu wako na ndugu zao huku Ulaya. Wananunua muziki kama watu wote. Na mama yangu angali Bukavu."

Nikamtafsiria Pauline. Pauline akaweka mkono kifuani akasema, itakuwa hivyo. Tukaandika kwenye albamu jina la kubuni.

Tulirekodi Kilburn. Kuna jambo moja tuliligundua siku ile: Deo akipiga, anaguna. Mdomo umefumbwa, macho yamefumbwa, na koo linaimba chinichini ule wimbo anaoupiga, sauti nzito yenye mkwaruzo, kama mtu anayembembeleza mtoto asiyelala. Mwenyewe hajui kama anafanya. Ron alimsogezea maikrofoni huku na huku, wapi. Mguno ulikuwa umeingia kila mahali, kwenye piano, kwenye ngoma. Akatuuliza kama tunataka kurudia. Pauline akasema hapana, wacha, hivyo ndivyo anavyopumua. Hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo. Nami nilikuwepo, sikufikiri.

CD zilipokuja kutoka kiwandani, zimekwisha kutiwa makava, nilikuwa peke yangu na Deo ofisini. Nilifungua katoni la kwanza kwa furaha, nikamkabidhi CD yake. Mchoraji wetu alikuwa ameelezwa hapana sura, akatii. Alikuwa ameweka picha ya mkono tu, mkono wa kushoto juu ya shingo ya besi. Picha nzuri sana, nyeusi na nyeupe, mishipa inaonekana.

Deo aliitazama. Kisha akaliweka lile kasha la plastiki mezani, akaulaza mkono wake wa kushoto kando ya picha. Kidole chake cha pete kilikatika ncha utotoni, kwenye mlango wa lori. Nilikuwa nimekizoea hata sikioni tena. Na pale kwenye kava kilikuwa kikubwa kuliko kitu kingine chochote.

"Bukavu muzima wanajua ile kidole," akasema. "Watoto walikuwa wananiita Nusu. Dada, mumeniuza."

Alisema taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alikuwa kama mtu aliyekwisha kukubali. Akavaa kofia, akasimama, hakujua aende wapi, akakaa tena.

Pauline alipofika nilimweleza nikiwa bado nimesimama. Hakuuliza hasara. Alimwita Ron, akamwita mchoraji, sote tukavua makoti, tukaanza kufungua makasha moja moja na kutoa vile vijitabu vyenye picha ya kava. Na hapa niwape ufundi: ukitoa kijitabu kwenye kasha la CD, usikivute kwa ukucha kutoka pembeni, utavunja vile vijino vinavyokishikilia. Kibinye katikati kwa dole gumba kipinde kidogo, kitateleza chenyewe. Tulifanya hivyo mpaka dole gumba likafa ganzi. Deo alifanya nasi. Kila kijitabu alichokitoa alikipasua yeye mwenyewe, akianzia kwenye kidole.

Lakini katoni moja kiwanda kilikuwa kimekwisha kulipeleka moja kwa moja kwenye duka moja Soho. Pauline alinitazama. Nikachukua koti.

Sijawahi kuogopa safari ya mjini kama ile. Nilikuwa nasema moyoni, labda sasa hivi kuna mtu amesimama pale, ameinua ile CD, anaangalia. Kila mwanamume aliyepanda treni na mfuko wa duka nilimwangalia mfuko. Dukani nilikuta katoni liko nyuma ya kaunta, utepe wa gundi haujabanduliwa. Muuzaji alitaka kujua kuna kasoro gani. Nikamwambia muziki una kasoro, akaniamini, nikalibeba kifuani mpaka Walthamstow. Nilipoliweka mezani mbele ya Deo, alilifungua akazihesabu CD mara mbili, kisha ndipo akaomba maji.

Tangu siku ile tuliweka kanuni, nami nawapa ninyi mnaotengeneza kava kwa simu katika dakika chache: kabla hujamuuliza mwanamuziki anataka nini kwenye kava, muulize anaogopa nini.

Albamu ikatoka na kava la bluu tupu. Watu waliisifu, wakauliza huyu mpiga besi ni nani, tukanyamaza. Pauline alikuwa na desturi ya kupeleka CD kwenye vituo vya redio. Alimuuliza Deo kwanza. Deo akafikiri, akasema redio haina macho, pelekeni. Kwa hiyo tukapeleka, mpaka kwenye vipindi vinavyotangaza kwa Kiswahili kwenda nyumbani. Baadaye nilisikia mtangazaji mmoja ameupenda ule mwanzo wa wimbo wa tatu, besi peke yake, akawa anaupiga kila anapomaliza salamu, anataja jina la wimbo na lebo. Nilifurahi hata nikamwambia Deo. Naye akatabasamu.

Simu ilipigwa asubuhi moja, nikiwa nabandika anwani kwenye vifurushi. Nilisikia ule mlio wa mbali, kama mtu anapuliza ndani ya chupa, kisha sauti ya mwanamume kwa Kiswahili.

"Hapo njo kwa watu wa muziki?"

"Ndiyo. Nani mwenzangu?"

"Tunatafuta mwanaume anayepiga besi ku wimbo wa tatu. Ni Cubaka. Deogratias Cubaka."

Wanangu, jina hilo la pili nilikuwa sijalisikia. Lakini hilo la Deogratias nililitambua: ndiye Deo wetu. Nikasema, "Hapa hakuna mtu wa jina hilo."

"Mama, tafazali. Kuko mutu hapa anataka kusema."

Ikaja sauti ya mwanamke. Sauti changa, inahema. "Dada, usikate. Yeye iko hapo? Mwambie mi njo bibi yake."

Bibi yake! Mimi ni mtu wa Tanga. Bibi ni mama wa mama yako au mama wa baba yako. Na huyu aliyekuwa akizungumza alikuwa msichana, pengine miaka ishirini na kitu. Nikajisemea: wamemtafuta mwanamke awadanganye watu kwenye simu, na uongo wenyewe hawakuupanga. "Umekosea namba," nikamwambia. Akaanza kulia. Nikakata.

Nilifunga mlango kwa komeo. Nilimpigia Pauline aje. Alipofika tulishusha mapazia, tukakaa tukisikiliza ngazi, na kila mteja wa mazulia aliyekohoa huko chini tulishikana mikono. Pauline alisema tuite polisi. Nikamwambia tuwaambie nini, kwamba kuna bibi amepiga simu? Tukacheka kidogo, kisha tukarudi kusikiliza ngazi.

Deo alikuja alasiri. Nilimkalisha, nikamweleza kila neno. Nilipotaja jina la Cubaka alisimama akaenda ukutani, mbali na dirisha.

"Na nani mwingine alisema?"

"Wakampa simu mwanamke. Mwongo mkubwa. Eti ni bibi yako, na sauti ya msichana."

Aligeuka kutoka ukutani. Nikaona uso wake unabadilika, na si woga uliokuja, kilikuwa kitu kibaya kuliko woga.

"Alisema aje? Rudilia."

"Mi njo bibi yake."

"Dada," akasema. "Kwetu, bibi njo mke."

Sitawaeleza nilivyojisikia, mnaweza kukisia. Nilimwomba msamaha, nikaomba tena. Naye hata hakuwa akinisikia. Alikuwa akibishana peke yake. Mke wangu amekufa. Walisema nyumba iliungua. Kama amekufa, huyu ni mtego. Kama hakufa, basi wanamshika, bunduki iko kichwani, wanamwambia piga simu, nami nikijibu tu, hawamuhitaji tena. Na kama hakufa na hawamshiki, basi Dada amekata simu, na hatapata tena simu nyingine. Alizunguka ndani ya mambo hayo matatu mpaka Pauline, ambaye hakuelewa neno hata moja, akaenda akamshika mabega akamkalisha chini.

Kuanzia hapo alikuja ofisini kila siku, tunafungua naye, tunafunga naye. Alikuwa akijifanya anafunga vifurushi. Simu ikilia, sote tulikuwa tunaganda. Mwenye duka Leeds anataka CD. Ganda. Mwandishi wa gazeti. Ganda. Mtu anauliza kama sisi ndio watu wa mazulia. Nilianza kuichukia ile simu kama mnyama. Nyumbani Kilburn nilisali, na sala yangu ilikuwa mbovu, kwa sababu sikujua niombe ilie au isilie.

Ililia siku ya mvua, tukiwa tunakula. Ule mlio wa chupa. Deo akaweka kijiko chini. Alinifanyia ishara kwa kichwa: pokea wewe. Kisha akanifanyia nyingine: mimi sipo.

"Ni mimi tena," akasema yule mwanamke. "Tafazali usikate."

"Sikati, mwanangu. Umejuaje kwamba huyo unayemtafuta yuko kwetu?"

"Nimemsikia ku redio. Anapiga, na anaguna. Ile mguno alikuwa anamlalisha nayo mtoto wetu, Furaha. Niliambia watu wa kambi, ule ni bwana yangu. Wakasema, mama, sasa unasikia wafu ku redio? Lakini nilingojea kila siku wapige tena, nikaweka mtoto karibu na redio. Yeye iko hapo?"

Kila kitu tulikiondoa, sura, jina, kidole. Ile sauti tukaiacha.

Nilimtazama Deo. Alikuwa akitikisa kichwa, hapana, hapana, na machozi yanashuka. Nilikuwa siwezi kudanganya tena, na siwezi kusema kweli. Ndipo nikamkumbuka Ron. Nikafumba macho nikaacha kusikiliza maneno.

"Uko wapi?" nikauliza.

"Mkoa wa Kigoma, ku ofisi ya parokia, karibu na kambi. Mwalimu wa kambi aliomba namba yenu kwa watu wa redio, njo amenileta."

"Hapo karibu yuko Mtanzania? Mpe simu."

Kukawa na mkwaruzo, viatu vikaburuzwa, kisha akaja mama mmoja mtu mzima, amekasirika.

"Haya, nani? Mimi ndiye mwenye ofisi. Jamani, huyu dada anakuja hapa kwa miguu kutoka kambini, mara ya ngapi sasa, namwambia simu hii ni ya Padre, ananililia. Na leo kaja na mtoto ananimwagia uji kwenye mkeka. Wewe ni wa wapi?"

"Wa Tanga, dada."

"Ah! Tanga! Basi msaidieni, mbona mnamtesa?"

Huku akinigombeza, nilisikiliza chumba. Dari la bati, mvua inaanza kudondoka juu yake. Kuku. Mtu anaosha vyombo bila haraka, anaviweka kimoja juu ya kingine. Mtoto anacheka na kuambiwa anyamaze. Na yule mama mwenyewe, hasira yake ilikuwa ya mkeka. Nilijua, kwa yakini kuliko kitu chochote nilichowahi kukisikia, kwamba katika chumba kile hakuna mtu aliyebana pumzi. Pale hapakuwa na bunduki.

Nikaifunika simu mdomo kwa kiganja. "Deo," nikasema, "mtoto amemwaga uji."

Alinitazama kama nimemsemesha Kichina.

"Mtoto yupo. Amemwaga uji kwenye mkeka na mwenye mkeka amekasirika. Njoo."

Alikuja. Alishika simu kwa mikono miwili. Nilikuwa nasikia kwa mbali yule mwanamke, amerudishiwa simu, akiita, allo, allo. Mwishowe aliuliza kitu kimoja tu.

"Furaha anakula?"

Pauline alinivuta nje, tukafunga mlango, tukakaa kwenye ngazi tumekumbatiana, harufu ya mazulia mapya inapanda kutoka chini.

Msidhani woga uliisha hapo. Mkewe, Esperance, alikuwa ametoka kwenye ile nyumba kupitia dirisha la nyuma kabla ya moto, akavuka ziwa na mtoto mpaka kambi ya wakimbizi Tanzania, akaishi akiamini kwamba Deo ndiye aliyeuawa. Sasa kila mmoja alijua mwenzake yu hai, na kuanzia hapo kila mmoja alikuwa na kitu cha kupoteza tena. Ilibidi Deo apate ruhusa ya kukaa, halafu aombe wao waje, na hayo yalichukua miaka. Kila akisikia habari za kambi kuugua kipindupindu alikuja ofisini amevimba macho. Alipiga besi vizuri kuliko zamani na hakuipenda tena. Aliniambia, "Zamani nilipiga kwa sababu sina mtu. Sasa nikifunga macho, mi niko naona wao wanakufa."

Lebo yetu nayo ilikuwa inakwisha. Maduka yalifungwa moja baada ya jingine, vijana wakaanza kupakua nyimbo, na Pauline alipoanza kusahau majina ya wanamuziki wake aliziuza nyimbo zetu zote kwa watu walioahidi kuzitunza. Ron alifariki kabla ya hapo, akiwa na sweta lilelile. Siku ya kufunga nilifagia vile vyumba viwili mwenyewe. Hakuna aliyenilazimisha.

Lakini kabla hatujafunga, Esperance na Furaha walipata ruhusa. Deo aliniomba twende naye uwanja wa ndege. Aliniambia anahitaji mtu wa kutafsiri, akasahau kwamba atakayemtafsiria ni mkewe. Nikavaa vizuri nikaenda.

 Alikuwa amenyoa, amevaa suti ya jukwaani, na chini ya mkono ana koti la mtoto alilonunua bila kujua kimo. Tuliposimama pale wanapotokea abiria, akaanza kurudi nyuma hatua moja moja mpaka mgongo ukagusa nguzo. "Hatanijua," akasema. "Nimezeeka. Mtoto atalia."

Na kweli, walipotokea, mtoto aliona lile jitu lenye suti likiwatazama, akajificha nyuma ya gauni la mama yake. Esperance alisimama. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko nilivyomsikia. Watu waliwapita pande zote na mikokoteni yao, na wao wawili hawakusogea, kama kuna mto kati yao.

Yeye ndiye aliyevuka. Alikuja na mfuko wake mmoja, akamtazama mumewe usoni, akashusha macho kwenye mikono yake.

"Mbona unatetemeka?"

"Niko naogopa," akasema Deo.

"Mi pia." Alimshika mkono. Akamgeukia mtoto, akamwita kwa kidole. "Twende tu hivyo hivyo."